Siagi Iliyoyeyuka Jeddah

Desemba ulikuwa mwezi wa Rosebellah. Miezi mingine yote, katika nyumba ya Madam Hessa mtaani Malaz, Riyadh, alikuwa mfanyakazi wa ndani kama walivyo wafanyakazi wengine: afue, apige deki, apike wali wa kabsa, awatayarishe watoto kwenda shule. Lakini baridi ilipoanza kuingia jijini na madam akatoa sweta zake kabatini, hamu ilimshika. Madam Hessa alikuwa akisimama mlangoni mwa jikoni akisugua viganja vyake na kusema, "Rosa, yalla, haya, pai."

Ujanani Madam Hessa alisomea Uingereza, akapanga chumba kwa bibi mmoja mjane aliyeoka pai ndogondogo kila Krismasi. Jina la pai hizo kwa Kiingereza, mince pies, linadanganya, ungedhani zina nyama ya kusaga, kumbe ndani ni zabibu kavu, tofaa, maganda ya machungwa, mdalasini na karafuu. Yule bibi alitia na pombe. Madam Hessa alitia maji ya machungwa. Alikuwa Mwislamu wa kuswali swala zake zote na Krismasi haikumhusu, lakini hizo pai zilimhusu sana.

Ndiye aliyemfundisha Rosebellah. Mwaka wa kwanza pai moja ilidondoka sakafuni ikalia kama kigae, wakacheka mpaka machozi. Baadaye mambo yakamwingia. Siagi igande hadi iwe jiwe, ikwaruzwe kwa greta ya karoti. Ichanganywe na unga kwa ncha za vidole, haraka, isipate kusikia joto la mkono. Maji yawe ya barafu, tena vijiko vichache tu, na donge lisikandwe kama la chapati. Lilazwe ndani ya friji lipumzike, ndipo lisukumwe. Siagi ikiingia kwenye oveni ingali vipande vidogo vidogo, inayeyukia humo humo na kuacha nafasi, na ganda linakuwa jepesi, linapukutika ukiligusa kwa ulimi. Ikiyeyuka kabla, umepata kitu cha kuvunja meno.

Rosebellah alizaliwa na mikono baridi. Kwao Chavakali walikuwa wakimtania kwamba hawezi kumkanda mtoto mgongo bila kumtoa mbio. Riyadh mikono hiyo ikawa mali. "Mikono yako ni friji," madam aliwaambia wageni huku akiishika na kuionyesha. Sifa zikampanda Rosebellah kichwani. Akawa anatuma picha za pai kwenye grupu la kina mama wa kanisa, na akaanza kumsahihisha kila aliyemwita housegirl.

"Mimi ni mtu wa pastry," alimwambia Justus, dereva wa nyumba ile, Mkenya mwenzake wa Lugari.

"Sawa, Mama Alvin," Justus akajibu akifuta kioo cha gari. "Na soksi za watoto siku hizi hufuliwa na nani?"

Rosebellah hakucheka.

Mwaka huo dada yake madam, Madam Nawal wa Jeddah, alikuwa amewaalika marafiki waliosoma nao Uingereza. Mmoja wao alikuwa Mwingereza hasa, mke wa mhandisi. Madam Nawal alipiga simu akamtaka "yule wa pai". Basi Madam Hessa akakata tiketi, na siku mbili kabla ya Krismasi wakapanda ndege, yeye na Rosebellah, watoto wakabaki na baba yao.

Walipotoka uwanja wa ndege Jeddah, hewa ilimfunika Rosebellah usoni kama taulo lililotoka kwenye maji moto. Riyadh alikuwa ameacha watu wamevaa makoti. Hapa jasho lilimtoka hata kabla hawajafika kwenye gari. Aliliona hilo, akalipuuza. Alikuwa anafikiria atakavyosifiwa.

Nyumbani kwa Madam Nawal kulikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa ndani, mama wa makamo kutoka Butere aitwaye Selipher. Alikuwa amekaa nyumba hiyo miaka mingi bila mtu wa kuongea naye Kiswahili ila kwa simu. Rosebellah alipomwambia "Habari ya hapa," Selipher aliweka chini beseni alilolibeba, akamkumbatia kama ndugu aliyepotea.

"Karibu, mama. Karibu sana! Wewe ni mama nani?"

"Mama Alvin."

"Mimi ni Mama Shirleen. Keti, usiguse kitu."

Siku hiyo alimpikia ugali na mboga ya murere, ule ambao Waarabu huuita mulukhiya na kuupika na kuku. Yeye aliupika kwa magadi kama nyumbani. Alimwachia kitanda chake, akajitandikia godoro dogo sakafuni, na Rosebellah alipokataa kwa mdomo tu, alisema, "Mgeni halali chini kwangu." Kisha akamweleza jambo lililomjaa moyoni. Binti yake Shirleen alikuwa amekuja kufanya kazi Jeddah hii hii, upande wa pili wa jiji, na tangu aje hawajaonana. Kila mara ni madam wa huyu au madam wa yule, leo wageni, kesho mafi dereva, yaani hakuna dereva. Lakini sasa Madam Nawal ameahidi. Siku ya Krismasi dereva atampeleka asubuhi, na matajiri wa Shirleen nao wamekubali kumpa binti nafasi siku hiyo moja.

"Nimepiga pasi hata nguo," alisema akionyesha gauni la bluu lililoning'inia nyuma ya mlango. "Mtoto wangu atasema mama hajazeeka."

"Ni vizuri," Rosebellah alisema. Alikuwa akitazama video ya mwanamke fulani anayepamba pai kwa nyota.

Kesho yake wageni walikuwa waje baada ya alasiri. Rosebellah aliingia jikoni kama mtu aliyekuja kukagua. Tangu asubuhi alikuwa ameshaacha kumwita mwenzake Mama Shirleen. Madam Nawal alimwita Selipher, naye akafanya vivyo hivyo, kumwita kwa jina kavu mwanamke anayemzidi umri kiasi cha kuwa dada yake mkubwa. "Selipher, menya tofaa. Selipher, hilo sinia haliko safi." Selipher alimenya, akaliosha sinia.

Siagi aliitoa Rosebellah mwenyewe kwenye friza. Aliipanga mezani, pakiti juu ya pakiti, halafu simu yake ikalia. Ilikuwa simu ya video ya mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, akitaka kuiona Jeddah. Rosebellah akazunguka na simu akionyesha jikoni pana, oveni mbili, kabati za kioo, bahari ikionekana kwa mbali kupitia dirisha lililokuwa wazi. Aliongea, akacheka, akaulizwa mshahara akakwepa. Alipokata simu na kurudi mezani, karatasi za siagi zilikuwa zimelowa.

Angeweza kuirudisha kwenye friza. Wakati ulikuwepo, mdogo lakini ulikuwepo. Alijiambia kwamba mikono yake itatosha.

Mikono yake ilikuwa moto. Hakuwahi kuiona hivyo. Siagi haikukwaruzika, ilijipaka kwenye greta kama mafuta ya nywele. Unga ulinywa mafuta ukawa donge zito linalong'ang'ania vidole. Akaongeza unga. Likawa gumu, akaongeza maji. Likanata tena. Mwishowe, saa zikienda na madam akichungulia kila mara, alifanya lile alilojua halifanywi: akalikanda kwa nguvu zote kama donge la chapati, akalisukuma, akakata maduara, akajaza, akafunika, akasukumia trei kwenye oveni na kuomba Mungu.

Pai zilitoka zinang'aa mafuta. Alinyunyiza sukari ya unga juu kuficha. Sukari ikazama.

Kutoka jikoni alisikia sauti za wageni sebuleni, vikombe vikigongana, vicheko. Kisha vicheko vikapungua. Mlango ukafunguliwa, Madam Nawal akaingia na kisahani, juu yake pai iliyong'atwa pembeni kidogo tu. Nyuma yake alikuwa Madam Hessa, macho chini.

"Hii ni nini?" Madam Nawal aliuliza kwa Kiarabu, polepole, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko angepiga kelele. "Rafiki yangu ameiweka kwenye kitambaa akidhani simwoni. Wiki nzima nimewaambia watu habari za pai. Hii ni nini?"

Rosebellah alifungua mdomo bila kujua litatoka neno gani.

"Ni siagi, madam. Selipher aliitoa mapema. Nimeikuta imeyeyuka."

Selipher alikuwa kwenye sinki, mikono ndani ya povu. Aligeuka. Hakumtazama madam kwanza, alimtazama Rosebellah, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipotarajia.

"Mimi sikugusa siagi, madam," alisema.

Lakini Madam Nawal alikuwa ameaibika mbele ya watu, na hasira yake ilitaka pa kutua. "Miaka yote hii nakwambia kuwa mwangalifu! Kesho huendi popote. Mafi dereva, mafi kutoka. Halas, imekwisha."

Akaenda zake. Madam Hessa alibaki kidogo, akamtazama Rosebellah kama anayetaka kuuliza jambo, kisha akamfuata dada yake.

Rosebellah alingoja matusi. Aliyatamani, maana angepata cha kujibu. Selipher alimaliza vyombo, akafuta mikono kwa aproni, akaenda chumbani. Rosebellah aliyekuwa amesimama ukumbini alimwona akilitoa gauni la bluu kwenye hanga, akilikunja, akilirudisha sandukuni. Alilikunja vizuri, mikono kwa mikono, kola juu, kama linauzwa dukani. Jioni alimpakulia Rosebellah chakula kama jana, na wakati wa kulala akamwachia kitanda tena. Rosebellah akasema yeye atalala chini. "Lala tu," Selipher alimwambia, akazima taa.

Asubuhi ya Krismasi Madam Hessa alimwita. Yule Mwingereza angerudi adhuhuri kuaga, na Madam Hessa hakutaka waondoke Jeddah na ile aibu. "Rosa, nisafishie jina langu," alisema. "Jaribu tena."

Safari hii Rosebellah hakushika simu. Alifunga madirisha, akahamishia kila kitu kwenye majlisi, kile chumba cha wageni, akawasha AC mpaka mwisho, akakaa humo hadi meno yakagongana. Siagi ilikwaruzika kama theluji. Alifanya kazi kwa ncha za vidole, akalaza donge, akalisukuma mara chache, akalikata. Pai zilivimba taratibu kwenye oveni, zikawa rangi ya asali. Alipong'ata moja kuonja, ilimpukutikia mdomoni, na kwa punde hivi, punde tu, alifurahi.

Madam Nawal naye alionja. Akafumba macho, akala ya pili, akacheka kwa sauti. "Umeona?" alimwambia dada yake. "Leo yule Selipher hakuigusa siagi!"

Selipher alikuwa hapo hapo akipanga vikombe kwenye sinia.

Rosebellah alihisi kama amevuliwa nguo. Alikuwa amefikiri kwamba pai nzuri zitafuta mbaya. Kumbe kila pai nyepesi aliyoitoa kwenye oveni ilikuwa shahidi wa uongo wake. Alimfuata Madam Hessa ukumbini, akamshika mkono wa abaya, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Madam, nilidanganya jana. Siagi niliitoa mimi."

Madam Hessa alivuta pumzi. "Nilihisi," alisema. "Lakini Rosa, imeshapita. Dada yangu amemkaripia yule mama, sasa nimwambie alikosea? Mambo yametulia. Acha."

"Mama Shirleen alikuwa aende kwa mtoto wake leo."

"Leo?" Madam Hessa akamgeukia. "Sikujua ni leo." Alitazama mlango wa sebuleni, halafu vidole vyake mwenyewe.

Basi Rosebellah akaingia sebuleni peke yake, unga ukiwa bado kwenye viwiko, na kwa Kiarabu chake cha kuokoteza akamwambia Madam Nawal. Alisema yote, simu, kina mama wa kanisa, siagi mezani. Alisema kwa sauti ya chini mpaka ikabidi arudie.

Madam Nawal aliweka kikombe. "Umekula kwangu, umelala kwangu, ukanidanganya ndani ya nyumba yangu?"

"Ndiyo, madam. Naomba Mama Shirleen aende."

"Aende na nani? Dereva nimempa ruhusa tangu alfajiri, amekwenda Makka na wenzake, hatarudi ila usiku. Na mume wangu yuko Yanbu." Aliinua mabega. Uso wake ulikuwa na haya kidogo, Rosebellah aliiona, lakini haikudumu. "Ungesema jana."

"Nimwitie teksi? Nitalipa mimi."

"Mfanyakazi wangu haendi na teksi ya mtu nisiyemjua. Halas, Rosa, nenda."

Alipopita jikoni Madam Nawal alimwambia Selipher, bila kusimama, "Rosa anasema hukuwa wewe." Selipher akajibu, "Ndiyo, madam." Yakaisha hapo.

Rosebellah alichagua pai zilizotoka vizuri kupita zote, akazipanga kwenye kopo la biskuti, akatandika karatasi katikati zisivunjike. Alimkuta Selipher chumbani, ameketi ukingoni mwa lile godoro dogo, simu mkononi.

"Mama Shirleen." Alijua ameanza kuliita jina hilo tena kwa sababu gani. "Nimekosa. Nimekukosea vibaya. Nimewekea Shirleen hizi, dereva akirudi siku nyingine ampelekee."

Selipher alilitazama lile kopo. Hakulipokea.

"Mimi sikuwa na hamu ya pai, Mama Alvin. Nilikuwa na hamu ya mtoto wangu." Hakuna ukali uliokuwa katika sauti yake. "Ungesema jana jioni tu, hata kwa kuchelewa, saa hii ningekuwa naye."

"Najua."

"Basi niache, nataka kumpigia."

Rosebellah alitoka, lakini miguu haikumpeleka mbali. Aliegemea ukuta wa ukumbini na kopo lake. Alisikia simu ikiita, kisha sauti changa ikipaza, "Mama! Mko wapi? Mmefika wapi?" Alijifunika masikio, halafu akaona hana haki ya kujifunika.

"Shirleen mama, siji leo," Selipher alisema. "Madam ana wageni wengi, kazi imekuwa nyingi. Hapana, hakuna aliyenikosea. Hakuna mtu mbaya hapa. Ni kazi tu. Usilie, wewe. Umekula nini leo?"

Hakuna aliyenikosea. Rosebellah alirudi jikoni akaliweka kopo juu ya friji, akaanza kusugua trei ambayo ilikuwa tayari safi.

Waliporudi Riyadh, Justus aliwapokea uwanja wa ndege. Madam Hessa alikaa nyuma na Rosebellah, macho dirishani. "Mtu wa pastry," Justus alisema kwa Kiswahili, akitabasamu kwenye kioo, "Jeddah wamejua wewe ni nani?"

"Wamejua," Rosebellah alijibu. Justus aliisikia sauti yake, akaacha mzaha, akaendesha. Siku nyingine, wakimsubiri madam nje ya shule, Rosebellah alimweleza yote. Justus hakumhukumu wala hakumfariji. Aliuliza tu kama yule mama ana simu.

Namba alikuwa nayo. Ilimchukua mpaka mwezi wa pili kupata ujasiri. Alipiga siku walipokwenda soko la Al-Dirah, Madam Hessa akiwa ndani ya duka la udi, yeye nje na mifuko.

Selipher alipokea, wakasalimiana vizuri, kama watu wa kanisa moja. Rosebellah akauliza habari za Shirleen.

"Amerudi nyumbani. Mkataba wake ulikwisha, wale matajiri hawakutaka kuuongeza. Alipandia ndege Jeddah hii hii."

"Mlionana?"

"Hapana."

Muuzaji wa tende alipita na kitoroli chake akiomba njia. Rosebellah alijibana ukutani.

"Mama Shirleen, naomba unisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile. Huku mbali siwezi kubeba uchungu na kazi pamoja, ningeanguka. Lakini usinipigie tena kwa sasa. Nikiwa tayari, nitakupigia mimi. Nisipopiga, usione vibaya."

"Sawa, mama."

"Haya. Msalimie Alvin."

Simu ikakatika. Rosebellah alisimama na mifuko yake katikati ya watu, na machozi yakamtoka bila kelele. Madam Hessa alipotoka dukani alimwona.

"Rosa? Kuna nini?"

Alitaka kusema ni moshi wa udi. Neno lilishafika mdomoni, rahisi, tayari kabisa.

"Nimempigia Selipher, madam," akasema. "Binti yake amerudi Kenya. Hawakuonana."

Madam Hessa alisogea karibu, watu wakiwapita huku na huku. Kisha alinyoosha mkono, akachukua mfuko mmoja kutoka kwa Rosebellah, akaubeba mwenyewe, wakaenda kulitafuta gari.